Waranti Hurudisha Diski Tu

Akina mama wengi siku hizi wameweka mambo ya nyumba zao ndani ya kompyuta. Humo zimo picha za ubatizo na kipaimara, vyeti vya kuzaliwa vilivyopigwa skana, hesabu za kikoba, barua za maombi ya shule, pengine na sauti ya bibi aliyekwisha kututangulia. Siku ya kununua kompyuta, muuzaji humpa mama karatasi yenye muhuri na kumwambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, hii ina waranti ya mwaka mzima." Naye mama huenda nyumbani akiamini kwamba vitu vyake vimekingwa kwa mwaka mzima. Havijakingwa hata kwa siku moja. Kilichokingwa ni chuma kilichovibeba.

Sisi tunaosema haya ni akina mama sita tunaojitolea katika ofisi ya usharika wetu na katika huduma ya kuwatembelea wagonjwa majumbani. Anayeshika kalamu kwa niaba ya wenzake ni muuguzi, si fundi wa kompyuta, na msomaji atatuvumilia tukieleza mambo ya mitambo kwa lugha ya wodini. Tumegundua kwamba lugha hiyo inafaa kuliko ya madukani.

Diski ngumu ndiyo kumbukumbu ya kompyuta. Ni kisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani, na ndani yake mna sahani moja au zaidi zinazong'aa kama kioo. Katika kompyuta nyingi za nyumbani sahani hizo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake hupita kichwa kidogo kinachosoma na kuandika kwa nguvu ya sumaku. Kichwa hicho hakigusi sahani. Huelea juu yake kwa upepo unaoletwa na mzunguko wenyewe, na pengo lililopo hapo ni dogo kuliko chembe ya vumbi. Kikigusa, hukwangua, na palipokwanguliwa ndipo palipokuwa picha ya arusi au orodha ya waliobatizwa. Diski ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ya inchi 24, ikachukua herufi zipatazo milioni 5 tu. Picha moja nzuri ya simu ya leo huenda isingeenea humo.

Basi kitu kinachozunguka kwa kasi hiyo, mchana kutwa, katika mji ambao umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, kitakufa. Sisi wauguzi hatuoni ajabu katika hilo. Kinachotushangaza ni watu wazima kuketi mbele ya kompyuta wakiongea kana kwamba kitu hicho hakifi.

Ziko dalili. Kompyuta huchelewa kuwaka, faili lililofunguka jana leo linagoma, na diski hutoa mlio wa kugonga, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi. Ukisikia mlio huo, izime kompyuta na usiiwashe tena na tena ukitumaini itajirekebisha. Mgonjwa aliyevunjika mfupa hatumsimamishi kila dakika kumwuliza kama sasa anaweza kutembea. Kila mara unapoiwasha, kichwa kilichoharibika hupita tena juu ya sahani na kukwangua zaidi. Wengine wameshauriwa kuiweka diski kwenye friza. Msifanye hivyo, kwa maana ikitoka humo hupata unyevu, na unyevu ndani ya diski ni ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Wako mafundi wa kuokoa vilivyomo, lakini kazi yenyewe hufanyika katika chumba kisicho na vumbi, kwa vifaa maalumu, na gharama yake inaweza kuwa mara nyingi ya bei ya diski mpya. Hata hivyo hawaahidi kufanikiwa.

Na dalili si za kutegemewa. Diski zina kipimo chao cha ndani kiitwacho SMART, kinachofanya kazi kama sisi tunavyopima shinikizo la damu. Mwaka 2007 wataalamu wa kampuni ya Google walitoa taarifa ya uchunguzi wa diski zao zaidi ya 100,000. Waliona kwamba kipimo hicho kikionyesha kasoro fulani, hatari huongezeka kweli. Lakini zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha kasoro yoyote kati ya hizo. Zililala nzima zikaamka maiti. Tunawajua wagonjwa wa namna hiyo.

Je, na zile saa milioni moja zinazoandikwa kwenye karatasi za watengenezaji? Hapa wengi hudanganyika, hata wasomi. Mtengenezaji huandika kwamba diski yake ina wastani wa saa 1,000,000 kabla ya kuharibika. Ukigawanya utapata miaka 114. Je, diski yako itaishi miaka 114? La hasha. Hesabu hiyo ni ya kundi, si ya mmoja, kama vile takwimu za wilaya zisivyoweza kukuambia mama fulani atajifungua salama au la. Maana yake ni kwamba ukiwa na diski nyingi, chini ya moja katika kila mia ndiyo itakayokufa kwa mwaka. Mwaka huo huo wa 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, Bianca Schroeder na Garth Gibson, walihesabu diski zilizokuwa zikibadilishwa kwelikweli katika vituo vikubwa. Hawakupata chini ya moja katika mia. Mara nyingi walipata 2 hadi 4, na mahali pamoja walifikia 13. Kwa mtu mwenye diski moja, hesabu zote hizi zina jambo moja tu la kumwambia, nalo ni kwamba asijue siku wala saa.

Tuje kwenye waranti yenyewe. Dada mmoja wa kwaya yetu alikuwa na laptop ya miezi 9. Diski ikagoma. Alifurahi kwamba waranti bado iko hai, akaipeleka dukani, akajaza fomu bila kuisoma. Baada ya wiki 3 akarudishiwa laptop ikiwaka vizuri mno, safi, tupu. Picha za arusi yake na za mtoto wake wa kwanza hazikuwemo. Alipouliza, alionyeshwa mstari mdogo katika fomu aliyotia sahihi, uliosema kwamba duka halihusiki na taarifa zozote zilizomo. Duka halikumdhulumu, na hatupendi kulisingizia. Walimpa walichoahidi. Tulimkuta ameketi nje ya kanisa siku ya mazoezi, na wenzetu wawili walidhani amefiwa.

Kwa hiyo, someni karatasi ile kabla ya kulipa, si baada ya diski kugonga. Waranti huwa haigusi vilivyomo, na tusihangaike kutafuta ambayo inagusa. Angalieni inaanza siku gani, ni ya nani, na inatambuliwa nchi gani, kwa sababu kompyuta aliyotuletea shemeji kutoka ng'ambo huenda isipokelewe na wakala wa hapa. Diski iliyokuja ndani ya kompyuta kwa kawaida hudaiwa kwa mtengenezaji wa kompyuta, si kwa mtengenezaji wa diski, hata kama jina lake limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Diski ya nje ukiifungua ganda lake, mara nyingi waranti imekwisha hapo hapo. Risiti itunzeni, zile za karatasi laini hufifia maandishi, kwa hiyo zipigeni picha siku ile ile, pamoja na namba ya diski. Tena diski mnayopewa badala ya ile iliyokufa mara nyingi si mpya. Ni ya mtu mwingine iliyorudishwa na kutengenezwa. Na waranti yake kwa kawaida humalizia ule muda uliobaki, haianzi upya.

Muda wenyewe nao hubadilika kwa mambo tusiyoyajua. Mwaka 2011 mafuriko makubwa huko Thailand yaliingia katika viwanda vilivyokuwa vikitengeneza diski na vipuri vyake, na bei zikapanda dunia nzima. Mwishoni mwa mwaka huo watengenezaji wakubwa wawili walitangaza kupunguza waranti. Baadhi ya diski za Western Digital zikatoka miaka 3 hadi 2, na baadhi za Seagate zikashuka hadi mwaka 1. Mama aliyenunua diski kabla ya mabadiliko hayo na aliyenunua baada yake walibeba kisanduku kinachofanana, chenye ahadi tofauti.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Kompyuta ya ofisi ya usharika ilinunuliwa kwa sadaka, ikiwa na waranti ya miaka 2. Katika mwezi wa 15 diski yake ilianza kugonga, na siku ya pili haikuwaka kabisa. Hatukupoteza kitu. Vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa vipo kwa mkono, na kila Ijumaa katibu wetu hunakili kazi ya wiki katika diski ya pembeni. Tulikwenda dukani tukiwa watulivu. Kijana wa pale alitupokea kwa adabu, akatuamkia mmoja mmoja, akasema mpya itapatikana ndani ya wiki 2 au 3, mradi tuilete ile ya zamani.

"Ile ya zamani inakwenda wapi, mwanangu?"

"Inarudi kwa wakala, mama. Wakala naye anaisafirisha nje ya nchi. Wakiona inafaa, wanaitengeneza."

"Na vilivyomo?"

Alinyamaza kidogo. "Kwa kweli, mama, hapo sina jibu."

Humo mlikuwamo orodha ya wagonjwa tunaowatembelea. Si majina matupu. Ni jina, mtaa, ugonjwa, dawa anazotumia, siku ya kwenda kliniki, na safu moja inayoonyesha ni nani katika nyumba ile anajua hali yake. Safu hiyo ndiyo nzito kuliko zote. Wamo watu ambao wenzi wao hawajui. Wamo ambao mama mkwe akijua, watalala nje. Ukienda kwenye nyumba hizo bila kukumbuka safu hiyo, unaweza kuvunja ndoa kwa salamu tu.

Diski nzima huwa inafutwa kabla ya kurudishwa. Ziko programu za kuandika juu ya kila kilichokuwapo. Lakini diski isiyozunguka haifutiki. Huwezi kumwogesha mtu aliyejifungia chumbani. Na aliye na vifaa na nia anaweza kuitengeneza huko iendako na kusoma. Pengine hakuna mtu duniani anayejali majina ya mtaa wetu. Pengine. Sisi wauguzi hatukufundishwa kutunza siri kwa kukisia nani anajali.

Baraza la wazee lilikutana, nasi tukaalikwa. Mtunza hazina wetu, mzee mwaminifu ambaye hajawahi kupoteza hata shilingi ya usharika, alisema wazi, "Mama zangu, diski mpya ni shilingi 160,000. Dukani tunaipata bure, tumekwisha kuilipia ndani ya bei ya kompyuta. Nikiandika kwamba tumekataa cha bure tukanunua cha fedha, nitawaeleza nini washarika?" Mzee mwingine akasema watu wa dukani hawana nafasi ya kusoma orodha za watu. Mchungaji alisikiliza pande zote. Katibu wetu akaikumbusha mikutano hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Nchini Kenya wanayo yao ya mwaka 2019. Sheria ilisaidia, lakini sivyo tulivyoshinda. Mmoja wetu aliuliza tu kama kuna mzee yeyote pale ambaye angekubali jina la binti yake liwemo. Hakuna aliyejibu.

Waranti tukaiacha ipite. Tulichangishana sisi wenyewe sita, mchungaji akaongeza, tukanunua diski. Mtunza hazina hadi leo anaona tuliharibu fedha, na tunaendelea kumheshimu. Kazi yake ni kulinda mfuko, na yetu ni kulinda kitu kingine. Ile ya zamani fundi aliifungua, akazitoa sahani, akazikunja na kuzikwaruza mbele yetu. Tahadhari kwa atakayefanya hivyo: sahani za diski ndogo za laptop mara nyingi ni za kioo, nazo hupasuka na kurusha vipande. Vaeni miwani, na watoto wakae mbali.

Diski ya sasa imefungwa yote kwa nywila, si kompyuta tu. Tofauti yake ni kubwa. Nywila ya kompyuta ni kufuli la mlango wa mbele. Mwizi akiing'oa diski na kuiweka katika kompyuta nyingine, amepitia dirishani. Diski ikifungwa yote, iliyomo husomeka kama takataka kwa asiye na ufunguo. Ikifa kesho, tutairudisha dukani bila wasiwasi na kupokea haki yetu ya waranti. Mtunza hazina alipoelezwa hilo alitabasamu kwa mara ya kwanza. Ufunguo wenyewe tumeuandika katika karatasi mbili, moja kwenye kasha la usharika na nyingine kwa mchungaji, kwa sababu diski iliyofungwa na ufunguo wake ukapotea hakuna fundi wa kukusaidia.

Lakini yote hayo yasingekuwa na maana kama nakala ya Ijumaa isingekuwapo. Hilo la nakala ndilo akina mama wanalijua vizuri kuliko wanavyodhani. Mtoto akipimwa uzito kliniki, muuguzi anaandika katika rejista ya kituo, kisha anaandika katika kadi ambayo mama anakwenda nayo nyumbani. Hayo ni maandishi mawili katika nyumba mbili. Kadi ikilowa mvua, kituo kina kumbukumbu. Kituo kikiungua, kadi imo ndani ya kanga ya mama. Wataalamu wa kompyuta wana jina refu la jambo hili. Sisi tumekuwa tukilifanya kila siku ya kliniki.

Kanisa nalo lilijifunza zamani. Huko Uingereza mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa 8, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na mazishi, kikae katika kasha lenye kufuli mbili. Kufuli mbili hazikuzuia panya, unyevu wala moto. Mwaka 1598 ikaagizwa kwamba kila mwaka nakala ya kitabu ipelekwe kwa askofu. Leo hii wanaotafuta ukoo wao, wakikuta kitabu cha parokia kimepotea, huenda kutafuta zile nakala za askofu, na mara nyingi jina la babu yao limo.

Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyelieneza jambo hili kwa hesabu rahisi ambayo watu wa kompyuta huitaja kila mara: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake ikae mahali pengine. Hilo la mahali pengine ndilo watu hupuuza. Tumeona nyumba ambamo kompyuta, diski ya nje na flashi vyote vimo katika mfuko mmoja wa laptop. Mwizi huchukua mfuko. Desemba 2023 maporomoko ya tope yalipoingia Katesh, wilayani Hanang, hayakuchagua kabati.

Kuna wanaouziwa kompyuta yenye diski mbili zinazoandika kitu kile kile kwa pamoja, na kuambiwa hiyo inatosha. Mfumo huo huitwa RAID. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliueleza mwaka 1988, na ni mzuri kwa kazi yake, ambayo ni kuifanya ofisi iendelee na kazi diski moja ikifa. Lakini diski hizo ni pacha walioungana. Ukifuta faili katika moja, limefutika katika zote mbili papo hapo. Kirusi kikiingia kimewaingia wote. Na kwa kuwa mara nyingi zimetoka kiwandani siku moja na kufanya kazi ile ile kwa saa zile zile, ya pili inaweza kufa wakati ya kwanza bado haijapata mrithi.

Tena nakala isiyojaribiwa si nakala. Mwaka 1998, katika kampuni ya Pixar huko California, filamu ya katuni ya Toy Story 2 ilikuwa bado inatengenezwa. Mtu mmoja akatoa amri ya kufuta, na kazi ya watu wengi ikaanza kutoweka mbele ya macho yao. Walipokwenda kwenye nakala za akiba walikuta hazikuwa zikifanya kazi sawasawa, na hakuna aliyekuwa akijua. Aliyewaokoa ni mama. Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi, alikuwa amejifungua karibuni na akafanyia kazi nyumbani, na kwa hiyo kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala ya filamu. Walikwenda kuichukua, wakaizungushia mablanketi, wakaiendesha kwa gari polepole hadi kazini. Filamu ilitoka mwaka 1999. Wakubwa wa kazini wanaoona likizo ya uzazi ni hasara wangesimuliwa kisa hiki.

Nyumbani jambo si gumu wala si la matajiri. Wauzaji hupenda kumshawishi mama anunue nyongeza ya waranti. Sisi tunaona fedha hiyo ni heri iwe sehemu ya bei ya diski ya pili. Picha za familia zinaweza kuwekwa pia mtandaoni, kwa Google au wengineo, ila andikeni nywila mahali panapojulikana, maana baba akifariki na nywila yake, picha zake nazo zimezikwa. Orodha ya wagonjwa hatuiweki huko. Flashi tunazitumia kubebea tu, si kutunzia. Hizo, pamoja na zile diski mpya zisizozunguka, zinaweza kufa bila hata kugonga.

Ofisini tuna diski mbili za nakala zinazopokezana. Moja imo katika kasha, nyingine iko kwa mama mmoja wetu anayeishi ng'ambo ya mto. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huja nayo ndani ya kikapu, chini ya mboga, akaondoka na mwenzake. Kabla hajaondoka tunafungua mafaili 5 bila kuchagua, tunayasoma. Mwezi wa nne hesabu moja ya kwaya ya mwaka 2019 ilikataa kufunguka. Katika diski ya pili ilifunguka, tukairudisha mahali pake, na diski iliyokataa tukaanza kuitazama kwa jicho la wasiwasi.

Sasa mchungaji ametuomba tupige picha vitabu vya zamani vya ubatizo, ukurasa kwa ukurasa, ili navyo viwe na nakala. Tunafanya kila Alhamisi baada ya kliniki, mmoja akigeuza, mmoja akipiga, mmoja akilinganisha majina. Kitabu cha kwanza kimekwisha. Cha pili tumekifungua wiki iliyopita. Kurasa 11 za mwanzo zimeliwa na mchwa, na mzee aliyekuwa akiyajua majina hayo kwa kichwa tulimzika miaka 2 iliyopita.